Neno "Taklidi": Maana Yake na Matumizi Yake

Katika darsa yetu ya wiki iliyopita lilizuka neno ambalo tumeona ni wajibu wetu kulieleza kwa urefu, kwa kuwa limekuwa likitumiwa sana siku hizi, na wengi walitumiao hawalijui.

Kijana mmoja alitusimulia kuwa kwao kumefiwa. Marehemu ameacha mjane na watoto wadogo, na fedha alizoacha si nyingi. Mjane akaambiwa atoe fedha za kulisha watu siku tatu za matanga, kisha ajiweke tayari kwa arubaini. Kijana akamwambia ami yake: "Ami, fedha hizi ni za mayatima." Ami akajibu: "Mwanangu, sisi ni watu wa madhehebu. Twafuata maimamu wetu, wala si kazi yako kuuliza." Kijana akapandwa na hasira, akasema mbele za watu: "Hiyo ni taklidi tu!" Wakaachana vibaya, mbuzi wakanunuliwa, na mjane akabaki na deni dukani.

Sisi twasema kuwa wote wawili walikosea katika neno hili. Ami alidai taklidi asiyokuwa nayo, na kijana alimtukana kwa jambo asilolifanya.

Maana yake katika lugha

Asili ya neno hili ni Kiarabu, "taqlid", nalo latokana na "qilada", yaani kidani au kitu cho chote kivikwacho shingoni. Wanyama waliopelekwa Makka kuchinjwa walikuwa wakivikwa vigwe shingoni ili wajulikane, na vigwe hivyo vimetajwa kwa neno hili katika Sura ya al-Maida, aya ya 2 na ya 97. Kadhalika Waarabu husema kuwa mtawala amemvisha mtu ukadhi, na kitendo ni hicho hicho, kwa sababu cheo ni amana iliyotundikwa shingoni mwa mtu.

Katika Kiarabu cha leo neno hili lina maana ya kuiga. Hata bidhaa ya bandia huitwa kwa jina la asili hiyo. Na wingi wake, "taqalid", ni mila na desturi. Basi yaonekana wazi kwa nini watu huchanganyikiwa: neno moja limekuwa mwavuli wa mambo matatu, nayo ni kumfuata mwanachuoni, kuiga, na ada za wazee.

Maana yake katika sharia

Wanavyuoni wa Usuli wamelitenga neno hili na kulipa mipaka. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ameeleza katika kitabu chake al-Mustasfa kuwa taklidi ni kuikubali kauli ya mtu pasi na hoja. Tazama, ewe msomaji, kuwa hapa pana mambo mawili yasiyoepukika. La kwanza, iwepo kauli ya mtu anayejulikana. La pili, anayeifuata awe hajui dalili yake. Likikosekana la kwanza, basi hapana taklidi hapo. Lililopo ni kufuata mkumbo.

Hukumu yake

Je, kila taklidi ni mbaya? Hasha. Mvuvi, fundi cherehani na mkulima hawawezi wote kuacha kazi zao wakakaa kuzichambua Hadithi na njia za wapokezi. Mwenyezi Mungu mwenyewe ametuamuru, katika Sura ya an-Nahl, aya ya 43, kuwauliza wenye ujuzi tukiwa hatujui. Mtu huyo akimwendea mwanachuoni mwaminifu, akamuuliza na kufanya alivyoambiwa, ametimiza wajibu wake, wala hapana wa kumlaumu.

Taklidi iliyolaumiwa katika Kurani ni ya yule aliyefikiwa na dalili, akaisikia na kuifahamu, kisha akaisukuma kando kwa kuwa hakuwakuta baba zake nayo. Hao ndio waliotajwa katika Sura ya al-Baqara, aya ya 170, na ya az-Zukhruf, aya ya 23. Kwa hivyo asiyejua akauliza si wa kulaumiwa, na lawama ni ya aliyejua akakataa.

Na maimamu wenyewe ndio waliotangulia kutuonya. Imam Shafii, aliyezaliwa mwaka 150 Hijria na kufariki mwaka 204, alikuwa na kauli zake za Iraki. Alipohamia Misri alizipitia upya, akaacha nyingi kati ya hizo kwa dalili zilizomdhihirikia. Ndiyo sababu vitabu vyetu husema "kauli ya kale" na "kauli mpya". Na mwanafunzi wake al-Muzani, alipoufungua Mukhtasari wake, alimjulisha msomaji kuwa Shafii amekataza watu wasimfanyie taklidi, yeye wala mwingine.

Turudi kwa mjane

Sasa tumuulize ami, kwa adabu: imamu gani unayemfuata katika kumlipisha mjane chakula cha matanga? Twajua kuwa Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliwaamuru watu wawapikie chakula jamaa zake, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Imam Shafii katika al-Umm amependelea majirani na jamaa wafanye hivyo. Imam Nawawi katika al-Majmuu ameleta maneno ya wakuu wa madhehebu kuwa wafiwa kupika na kukusanya watu ni jambo lisilopokewa, nalo ni bidaa. Na katika Ianat al-Talibin, kitabu kijulikanacho sana na masheikh wetu, imo fatwa ya Mufti wa Kishafii wa Makka, Sayyid Ahmad Zaini Dahlan, inayolikataza jambo hili.

Basi lau ami angaliwafuata maimamu wake kwa taklidi iliyo kamili, mjane asingalitozwa hata senti. Alichokifuata ni ada, akaivika kilemba cha madhehebu. Na katika Sura ya an-Nisa, aya ya 10, mwenye kula mali ya mayatima kwa dhulma ameambiwa kuwa ala moto tumboni mwake. Hili si jambo la kuchezewa kwa kusema "ndivyo tulivyowakuta wazee".

Nasaha kwa vijana wetu

Nanyi, vijana wa darsa, msilifanye neno hili kuwa jiwe la kuwarushia wazee. Kijana wetu alipolitupa, hakuwa na kitabu mkononi wala Hadithi kichwani. Alikuwa amemsikia mhubiri mmoja katika simu, akayakariri maneno yake. Hiyo nayo ni taklidi, tena ya mtu ambaye huenda hamjui. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 mjini Mombasa, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata kufa kwake 1947, alisoma kwa wanavyuoni wa Kishafii, na elimu hiyo hiyo ndiyo aliyozikosolea ada mbaya. Hakuwa na haja ya kumvunjia mzee heshima.

Kwa hivyo, ukisikia "twafuata maimamu", uliza kwa upole: imamu yupi, na katika kitabu gani? Nawe ukitaka kusema "hiyo ni taklidi", jiulize kwanza: dalili yangu ni ipi, nami nimeipata kwa nani?

Tumemshauri kijana arudi kwa ami yake, amtake radhi kwa kumkemea hadharani, kisha wakisome kitabu pamoja. Arubaini bado haijafika. Nasi tulio majirani wa nyumba ile tusingoje matokeo ya mazungumzo yao: sahani zitoke majumbani mwetu ziende kwa mjane, na deni la duka tulichangie. Hiyo ndiyo Sunna aliyoiamuru Mtume kwa jamaa wa Jaafar, na dalili yake sasa mnayo.

Wabillahi tawfiq.