PLAZIMA NA SERAMU SI MAMOJA

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Sisi tunaosoma Biolojia twajua kwamba sehemu kubwa ya damu hiyo hiyo ni maji. Sasa, maji hayo yana majina mawili, plazima na seramu, na kila muhula nawasikia wenzangu wakibishana bwenini. Mmoja atasema, "Ni kitu kimoja bwana, majina tu!" Mwingine atamjibu, "Ng'o! Plazima ni ya manjano, seramu ni nyeupe." Wote wawili wamepotea njia. Hebu tulimalize jambo hili leo, tena kwa Kiswahili sanifu, maana lugha yetu haikuumbiwa mashairi na insha pekee.

Damu ikiwa mshipani

Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Karibu asilimia 45 yake ni chembe: nyekundu zinazobeba oksijeni, nyeupe zinazopigana na maradhi, na visahani, yaani vile vipande vidogo vinavyokimbilia palipo na jeraha. Asilimia 55 iliyobaki ni kiowevu cha manjano hafifu. Hicho ndicho plazima. Yapata asilimia 90 ya plazima ni maji, na ndani yake mmeyeyuka chumvi, sukari, homoni na protini. Miongoni mwa protini hizo imo moja iitwayo fibrinojeni. Ishikeni vizuri hiyo, kwani ndiyo shina la hadithi yote.

Damu ikitoka nje

Ukijikata kwa wembe, visahani hukusanyika na protini za kugandisha huanza kuamshana moja baada ya nyingine, kama sisi tunavyoamshana kengele ya alfajiri ikilia. Mwisho wa kuamshana huko, fibrinojeni hugeuka kuwa nyuzi ziitwazo fibrini. Nyuzi hizo husukana kama wavu wa mvuvi, zikanasa chembe, na damu ikawa bonge. Bonge hilo likijikaza, hutoa maji ya manjano. Maji hayo ndiyo seramu.

Kwa ufupi basi, seramu ni plazima iliyokwisha kufanya kazi ya kugandisha. Fibrinojeni imetumika, na baadhi ya protini wenzake pia. Kingamwili, sukari, chumvi na homoni zingali mle.

Anayetaka ushahidi hana haja ya kwenda maabara. Kwetu mbuzi akichinjwa, wazee huikinga damu ya mutura na kuikoroga upesi kwa kijiti ili isigande. Kijiti kikitolewa, utaona kimezingirwa na nyuzi nyuzi. Zioshe kwa maji nazo zitakuwa nyeupe. Si ndiyo fibrini hiyo? Damu iliyobaki haigandi tena, kwa sababu fibrinojeni yake imeishia kijitini.

Hata jina lenyewe latupa kidokezo. Neno seramu lina asili ya Kilatini, na maana yake ni yale maji yanayojitenga maziwa yakiganda. Aliyewahi kutazama kibuyu cha maziwa ya mala ameshaelewa somo hili.

Kwa nini tujali?

Ukienda hospitalini kupimwa, utaona vichupa vyenye vifuniko vya rangi mbalimbali. Si mapambo hayo! Kile chekundu kwa kawaida hakina dawa ya kuzuia damu kuganda. Damu huachwa humo kama nusu saa ikagande, kisha huzungushwa kwa mashine, na seramu ikabaki juu. Kile cha zambarau kina dawa iitwayo EDTA, ambayo huikamata kalisiamu yote. Bila kalisiamu damu haigandi ng'o, kwa hivyo ukiizungusha utapata plazima.

Sasa tia maanani. Dawa hiyo ya EDTA huwa na chumvi ya potasiamu. Mtu akipima potasiamu kwa damu ya kichupa cha zambarau, atapata kiwango cha juu cha kutisha, na mgonjwa huenda akatibiwa maradhi asiyo nayo. Vivyo hivyo, ukiitafuta fibrinojeni ndani ya seramu, hutaiona hata kwa mgonjwa mwenye afya ya simba.

Mfano mwingine uko karibu nasi zaidi. Kaskazini mwa nchi yetu, sehemu kama Baringo na Turkana, wapo nyoka ambao sumu yao huimaliza fibrinojeni. Mtu akiumwa, muuguzi aweza kutia damu kidogo katika kichupa cha kioo kilicho safi, kikavu, kisicho na dawa, akakiacha kimetulia kwa dakika 20, kisha akakiinamisha mara moja. Damu ikimwagika bado ni majimaji, hiyo ni hatari kubwa: plazima ya mgonjwa imepokonywa silaha yake. Kichupa kimoja na saa ya ukutani, na uhai wa mtu u hapo!

Ndiyo maana pia mfuko wa mchango wa damu hutiwa dawa ya sitreti, ili damu isigande na plazima ibaki na nguvu zake zote. Anayetokwa damu bila kukoma huongezwa plazima, seramu haingemfaa. Nanyi wenzangu mliotimiza miaka 16 na kilo 50, na mlio na afya njema, mlango wa kutoa damu u wazi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Maswali ya kujipima

1. Taja protini moja iliyomo katika plazima na ambayo haimo katika seramu.
2. Kwa nini damu iliyokorogwa kwa kijiti haigandi?
3. Daktari ataka kujua kiwango cha fibrinojeni cha mgonjwa. Je, atumie plazima au seramu? Eleza.

Asiyeweza la tatu na arudi mwanzo asome tena. Kuuliza si ujinga!