Nimpe michezo gani aliyepata mdogo wake?

Swali: Binti yangu ana miaka 2 na nusu. Tangu nijifungue, kila nikimnyonyesha mdogo wake, yeye hulia na kunivuta kanga. Nifanyeje, nami sina pesa za vitu vya dukani?

Jibu: Hongera kwa uzazi, mama. Wivu huo ni wa kawaida kwa umri wake, wala usimgombeze. Tenga kikapu kinachotoka wakati wa kunyonyesha tu. Weka sufuria tatu na mifuniko yake, atafute upi unafunika ipi. Ongeza soksi za kichanga azipange jozi kwa rangi. Ukikunja nepi, akupokeze moja moja huku mkihesabu kwa sauti.

Jioni, beseni lenye maji kidogo na vikombe viwili vya plastiki vitamfunza kujaza na kupunguza. Usibanduke hapo hata kidogo, na mkimaliza mwaga maji. Maharage, shanga na vizibo visubiri, maana vinaweza kumkaba.

Kichanga akilala, mpe dada mtu dakika 10 zake peke yake, simu ukiiweka mbali. Fanya hivyo kila siku, naye atatulia.