Dondoo Muhimu kwa Vijana wa Tarika, Wazo

Ewe kijana uliyekabidhiwa amana ya kuwaongoza ndugu zako wa tarika huku Wazo, kabla kilemba hakijakughuri, mkumbuke Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, ambaye aliletwa Bagamoyo angali mtoto, naye ni mtumwa kutoka Kongo, akatafuta riziki kwa kuuza samaki, akadumu katika elimu hata akawa khalifa wa Kadiria, mpaka alipofariki mwaka 1931.

Yakupasa utandike jamvi kabla ya wenzako na kulikunja baada yao. Mgeni asiyejua uradi mketishe ubavuni mwako, wala usimsahihishe hadharani. Hesabu ya mchango wa maulidi isomwe kwa sauti (fedha, kwa hakika, imevunja udugu mwingi). Na sinia la pilau liwaanzie watoto.