Wikendi Ulaya: Lini Msafiri, Lini Mkaazi?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Wapo wenzetu wanaopanda ndege Entebbe mwezi wa sita kwenda kusoma kozi ya wiki nane au kumi Ulaya, na wengi wao huuliza swali moja kabla ya kuondoka: "Niko safarini miezi miwili, basi nafupisha swala muda wote huo?" Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu Uganda tunayafuata, jibu ni hapana. Lakini zikifika wikendi, watu wanapotoka kutembelea miji mingine, jibu linabadilika, na hapo ndipo penye kazi.

Anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, amekuwa mkaazi tangu anapofika. Tuseme ndugu yetu wa Makerere amepewa chumba Leuven, Ubelgiji, kwa wiki kumi. Tangu siku ya kwanza Adhuhuri yake ni rakaa nne, kila swala kwa wakati wake. Ijumaa nayo ni faradhi juu yake. Vitabu vya fikihi vinamwita mukimu asiye mustautini: ni lazima ahudhurie, ingawa hahesabiwi katika wale watu arobaini ambao Ijumaa husimama kwao. Akiingia msikiti wa Waturuki atakuta mambo tofauti kidogo, kwa sababu Wahanafi mpaka wao ni siku kumi na tano, na wao hawakusanyi swala mbili isipokuwa Arafa na Muzdalifa. Asigombane na mtu.

Ijumaa hiyo hiyo ndiyo mtihani wa kwanza wa wikendi. Tiketi ya saa nne asubuhi huenda ikawa rahisi kuliko ya jioni, na vijana wa darasani wote wameikata. Kwa Mashafii, aliyewajibikiwa na Ijumaa haruhusiwi kuanza safari baada ya kuingia alfajiri ya siku hiyo, ila akiwa na hakika ya kuiwahi njiani au anakokwenda, au akihofia madhara kwa kuachwa na wenzake wa safari. Kubakiza euro kumi si madhara. Swali kwanza, uondoke alasiri.

Halafu kuna umbali. Wanazuoni wamekadiria marhala mbili kuwa kilomita 81 hivi, na wengine wamezidisha kidogo. Kutoka Kampala hadi Entebbe hufupishi, kwenda Mbale unafupisha, na Jinja ni mahali pa kufanya ihtiati. Kule Leuven hesabu ni hiyo hiyo. Brussels ni karibu mno, Antwerp pia. Brugge ni zaidi ya kilomita 100, na Paris au Amsterdam hazina mjadala. Ruhusa huanza ukishatoka kwenye majengo ya mji unaokaa. Ukiwa bado kituo cha treni cha Leuven na begi mgongoni, wewe ni mkaazi.

Sasa lile ambalo wachache hulifikiria. Safari lazima iwe ya halali, yenye mwisho unaojulikana, na yenye lengo sahihi. Waandishi wa Kishafii wametaja waziwazi kwamba kwenda kuona miji tu, bila haja nyingine, si lengo linalompa mtu ruhusa ya kufupisha. Waliandika hayo kabla ya simu zenye kamera, lakini utadhani walituona! Anayezunguka miji minne kwa siku mbili ili apige picha mbele ya kila mnara ajiulize anakwenda kufanya nini. Kuna malengo tele: kumzuru ndugu, kusoma historia, kuswali katika Msikiti Mkuu wa Paris uliofunguliwa mwaka 1926 kwa kumbukumbu ya askari Waislamu waliokufa wakiipigania Ufaransa. Anayekwenda Kordoba ajue mapema kwamba msikiti ule mkongwe ni kanisa tangu 1236, na Mwislamu haruhusiwi kuswali ndani. Aende kujifunza, na swala akaitafutie mahali pengine. Ama dada kusafiri bila maharimu, hilo lina darasa lake; amuulize shekhe wake kabla ya kukata tiketi.

Basi umetoka na masharti yametimia. Adhuhuri, Alasiri na Isha ni rakaa mbili mbili, na nia ya kufupisha iwepo kwenye takbira ya kuhirimia. Ukimfuata imamu anayekamilisha, nawe kamilisha. Magharibi hubaki tatu. Unaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Ukitanguliza, anza na ya kwanza, nuia kukusanya ukiwa ndani yake, na usiweke pengo refu kati yake na ya pili. Ukichelewesha, nuia kabla wakati wa ile ya kwanza haujatoka.

Ruhusa hii ina uzito kule kuliko hapa kwetu. Kampala jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima. Berlin mwishoni mwa Juni linazama baada ya saa tatu na nusu usiku, na katika miji mingi ya kaskazini wekundu wa jioni hautoweki vizuri, hata alama ya Isha haionekani. Fuata ratiba ya msikiti wa mji ule. Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti limeruhusu hata wakaazi kukusanya Magharibi na Isha katika majira hayo kwa ajili ya mashaka, lakini hiyo ni ijtihadi yao. Ukiifuata, ijue kwa jina lake. Kibla nacho kinageuka: Kampala tunaelekea kaskazini tukiinamia mashariki kidogo, Ubelgiji na Ujerumani utaelekea kusini-mashariki.

Alfajiri haifupishwi wala haikusanywi na nyingine. Basi la usiku ndilo la bei nafuu, na ndilo linalokukuta barabarani alfajiri ya mapema. Angalia kama linasimama. Ukinyimwa nafasi kabisa, swali kitini ulivyo kwa kuheshimu wakati, kisha uirudie ukishuka.

Jumapili usiku treni inarudi Leuven, na Jumatatu hadi Alhamisi uko darasani: siku nne kamili. Ukiingia mji huo hujaswali Isha, ni rakaa nne. Adhuhuri iliyokupita njiani, ukiilipa chumbani, nayo ni nne.