SOMO LA WIKI: Akili mnemba dukani kwako. Ipe kazi gani, na wapi isiguse kabisa?

Maswali yanayoingia inbox siku hizi ni ya aina mbili. Mmoja anauliza, "Hii AI si itatuondoa sokoni?" Mwingine anauliza, "Naweza kuiachia page yangu ijibu wateja mimi nikalala?" Leo tunajibu yote mawili. Somo ni refu kidogo, kaa na daftari kabisa.

Jibu kwa kifupi: haitakuondoa sokoni, ila itaondoa ujanja mmoja tuliouzoea, ule wa kuuza kwa picha kali na maneno matamu peke yake. Na usiiachie duka, maana likiharibika jambo, mteja atakudai wewe.

1. KWANZA TUELEWANE NI KITU GANI

Akili mnemba, ile wengi tunaiita AI, ni programu ya kompyuta iliyolishwa maandishi mengi mno mpaka ikajua neno gani huwa linafuata neno gani. Ukiiuliza kitu, inakupangia jibu neno kwa neno, kwa kukisia linalofaa kufuata. ChatGPT ilifunguliwa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022. Toka hapo zimekuja nyingine, kama Gemini ya Google na Meta AI iliyowekwa ndani ya WhatsApp. Nyingi zina sehemu ya bure. Unachohitaji ni simu janja na bando.

Hapo shika mambo mawili.

La kwanza, inakisia. Haijawahi kukishika kiatu chako wala kuingia stoo kwako. Pale isipojua, mara nyingi haikwambii "sijui", inajaza pengo kwa kitu kinachofanana na ukweli. Na inakisema kwa kujiamini kama mzee wa kijiwe.

La pili, maandishi mengi iliyolishwa ni ya Kiingereza, ya Kiswahili ni machache. Ndo maana Kiswahili chake mara nyingi kinasikika kama cha kwenye maelekezo ya redio iliyotoka ng'ambo. Mteja wako wa Buza akisoma "Usikose fursa hii ya kipekee ya kumiliki viatu vya ndoto zako", anajua hapo hajaongea mtu.

2. KILICHOBADILIKA KWENYE SOKO LETU

Miaka michache nyuma, tangazo zuri lilikuwa la mwenye hela ya kumlipa mtu wa kudizaini na mtu wa kuandika. Leo muuza mtumba mwenye simu iliyopasuka kioo anapata tangazo linalofanana na la duka kubwa la Posta, ndani ya dakika moja. Hiyo ni neema kwetu sisi wadogo.

Ila fikiria upande wa mteja. Page 20 za viatu zote zina picha za kung'aa, zote zinasema "ubora wa hali ya juu". Atamchagua nani? Atamchagua yule aliyempa taarifa ambazo mashine haiwezi kuzibuni: kisigino kina sentimita ngapi, rangi ikoje juani, namba ya kiatu inabana au inapwaya, bei ni ngapi, mzigo unafika lini. Hizo unazijua wewe tu, maana mzigo uko mikononi mwako. Huo ndo mtaji wako mpya. Somo lote lililobaki linatokana na hapo.

3. KAZI ZA KUIPA

Kuandika maelezo ya bidhaa. Ukiiambia tu, "Niandikie tangazo la viatu vya kike", itakupa sifa tupu. Mpe taarifa kama unavyomuelekeza dada mpya wa dukani. Mfano:

"Niandikie tangazo la WhatsApp, sentensi zisizozidi 5, Kiswahili cha kawaida cha mtaani chenye heshima. Viatu vya wazi vya kike. Kisigino sentimita 5. Namba 37 hadi 41. Rangi nyeusi na kahawia. Ngozi bandia. Vinabana kidogo, mwenye mguu mpana achukue namba moja zaidi. Bei 28,000. Duka lipo Mwanza, mikoani tunatuma kwa basi, nauli ya mzigo analipa mteja. Usiongeze sifa yoyote ambayo sijaitaja."

Sentensi ya mwisho ndo ya muhimu kuliko zote. Hata hivyo, ukishapata jibu lisome taratibu kabla hujapost. Unaweza kukuta "ngozi bandia" imegeuka "ngozi", au imekuongezea "usafiri bure" kwa sababu matangazo mengi iliyosoma yana usafiri bure. Futa. Kisha badilisha maneno mawili matatu yawe ya kwako, wateja wako wanaijua sauti yako.

Kupanga majibu ya maswali yanayojirudia. Chukua maswali 10 ambayo wateja wanakuuliza kila siku: mpo wapi, mnatuma mkoani, naweza kulipia nusu, nikikuta hakinitoshi inakuwaje. Andika majibu yako ya kweli, halafu iambie iyanyooshe yawe mafupi na ya heshima. Yahifadhi kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business, ambayo ni bure. Hapo mashine imenyoosha lugha, lakini anayebonyeza kutuma ni wewe.

Kukusomea usichokielewa. Unaagiza mzigo China, muuzaji kakutumia maelezo ya Kiingereza au Kichina? Iombe ikutafsirie na ikuorodheshee: kiasi cha chini cha kuagiza, uzito, siku za kusafirisha. Kama kuna hela kubwa inahusika, rudi kwa muuzaji umuulize namba zote upya kabla hujalipa.

Kukupa mawazo. Umekwama wiki hii upost nini? Iombe mawazo 15, chagua 2 yanayofanana na duka lako. Mengine achana nayo.

4. WAPI ISIGUSE

a) Bidhaa yenyewe kwenye picha

Siku hizi programu zinaweza kuondoa ukuta mchafu nyuma ya kiatu na kuweka sakafu ya marumaru. Hapo sina tatizo. Zinaweza pia kuondoa mikunjo, kung'arisha rangi, kumvalisha gauni lako mrembo ambaye hayupo duniani. Hapo ndo pana shimo. Kanuni yangu ni moja: badilisha kilicho nyuma ya bidhaa, usibadilishe bidhaa.

Twende kwenye hesabu maana ndo lugha yetu. Kiatu umenunua 18,000, usafiri mpaka dukani 1,500, mfuko 500. Jumla 20,000. Unauza 28,000, faida 8,000. Mteja akipokea rangi tofauti na ya kwenye picha na akakirudisha, bodaboda ya kwenda na kurudi tuseme ni 6,000, na kosa ni lako, unalipa wewe. Hata ukikiuza tena kwa mtu mwingine, faida imebaki 2,000. Na hapo bado hatujahesabu yule mteja aliyeenda kuwaambia wenzake saluni kwamba "yule anauza picha".

Piga picha mlangoni asubuhi kwenye mwanga wa kawaida, ongeza video fupi ukishika kiatu mkononi, weka futi ya fundi pembeni mteja aone vipimo. Kadiri picha za kubuni zinavyozidi kuwa nyingi, ndivyo video yako ya kawaida inavyozidi kuaminika.

b) Ahadi

Kuna kesi moja ya Kanada kila muuzaji angeijua. Mwaka 2022 abiria mmoja aliyefiwa na bibi yake aliuliza kwenye tovuti ya shirika la ndege la Air Canada kuhusu nauli nafuu ya msiba. Aliyemjibu ni mashine ya kuchati. Ikamwambia akate tiketi tu, ataomba kurudishiwa tofauti ndani ya siku 90. Alipoomba, shirika likakataa, kwamba utaratibu wao hauruhusu kuomba baada ya kusafiri. Wakafika kwenye baraza la madai la jimbo la British Columbia. Shirika likajitetea kwamba ile mashine inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Februari 2024 baraza likalikataa hilo, likasema shirika linawajibika kwa kila kilichopo kwenye tovuti yake, na abiria akalipwa.

Kama kampuni yenye mawakili imebanwa hivyo, wewe ukimwambia mteja "samahani, ilikuwa AI", nani atakuelewa? Kwa hiyo bei, punguzo, siku ya kufika, kurudisha hela na kubadilisha bidhaa, hayo jibu mwenyewe kwa mkono wako. Ukiamua kuweka mashine ya kujibu usiku, iishie kusema: "Tumepokea ujumbe wako, duka linafunguliwa saa 2 asubuhi, utajibiwa na mtu."

c) Siri za wateja wako

Usinakili orodha ya majina, namba za simu na mitaa wanayokaa wateja ukaibandika huko ili ikupangie oda. Ukishabandika, hujui inahifadhiwa wapi. Ukitaka ikusaidie kupanga, andika Mteja 1, Mteja 2, Mteja 3. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Na bila sheria pia, mama aliyekupa namba yake alikupa wewe. Namba yako ya siri ya pesa mtandao ndo kabisa, usimwandikie mtu wala mashine.

5. MATAPELI NAO WANAYO

Hapa naomba usome mara mbili.

Skrinshoti ya muamala sasa inatengenezwa kirahisi, na jina lako likiwemo na kiasi kikiwemo. Ujumbe wa kuonyesha umepokea hela nao unaigwa. Kwa hiyo skrinshoti sio malipo. SMS peke yake pia sio malipo. Malipo ni salio lako likiongezeka. Kabla mzigo haujatoka mkononi, ingia menyu ya mtandao wako au ya Lipa Namba, angalia salio au miamala ya mwisho mwenyewe. Hata kama bodaboda anapiga honi nje. Hata kama mteja anasema "dada fanya haraka niko stendi". Haraka ndo silaha yao.

Rudi kwenye hesabu yetu: kiatu kimoja kikienda bure umepoteza 20,000. Kwa faida ya 8,000 kwa kimoja, inabidi uuze vitatu ndo urudishe hiyo hela. Kuangalia salio ni nusu dakika.

Sauti na sura pia zinaigwa. Mapema mwaka 2024 ilitangazwa kwamba mfanyakazi wa ofisi ya Hong Kong ya kampuni ya uhandisi ya Arup alituma takriban dola milioni 25 za Kimarekani baada ya kukaa kwenye kikao cha video na watu aliodhani ni mabosi wake. Sura na sauti zilikuwa za kutengenezwa. Sisi hatuna mamilioni hayo, ila ukipata voisi ya "mdogo wako" au ya msambazaji wako kwamba namba ya kulipia imebadilika, usitume. Kata, mpigie kwa namba yake ya zamani uliyonayo. Na mkubaliane kabisa neno la siri na watu mnaotumiana hela. Jina la utani la shuleni linatosha.

6. WATEJA NAO WATAITUMIA

Watu wameanza kuiuliza mashine badala ya kuperuzi wenyewe: "Nitafutie viatu vya wazi namba 40, chini ya 30,000, Mwanza." Hapo mashine inasoma yaliyoandikwa wazi mtandaoni. Sasa wewe ambaye kila post yako ni "BEI DM", itakusomaje? Umejificha mwenyewe. Nami najua kwa nini tunaficha bei, tunaogopa washindani. Lakini mshindani atajifanya mteja aipate tu. Anayekosa ni mteja wa kweli mwenye hela mkononi na asiye na muda.

Andika bei. Andika namba zilizobaki. Andika upo mtaa gani, unafungua saa ngapi. Andika kwa maneno, usiiache ndani ya picha tu. Kikiisha, andika kimeisha.

ZOEZI LA WIKI HII

Siku ya kwanza: chagua bidhaa 3 unazouza zaidi. Kwa kila moja andika mambo 8 unayoyajua wewe tu, kasoro zikiwemo.
Siku ya pili: ipe AI mambo hayo, ikuandikie tangazo, ulisafishe mwenyewe.
Siku ya tatu: piga picha na video mlangoni, post na bei.
Siku ya nne: andika sheria moja ubandike ukutani pale unapofungia mizigo: HATUTOI MZIGO BILA KUONA SALIO. Msaidizi wako aisome kila siku.
Mwisho wa wiki: hesabu wangapi wameuliza bei na wangapi wamelipa, linganisha na wiki iliyopita.

Ukimaliza, weka tangazo lako hapa chini tulipitie pamoja. Mtumie na mwenzako somo hili kabla hajatoa mzigo kwa skrinshoti.

Biashara njema.