Mavazi na Mizigo ya Wageni wa Tembo Yatima

1. Mtu aalikwaye arusini huvaa nguo nzuri kupita zote alizo nazo. Mtu aendaye shambani kulima huvaa nguo kuukuu. Je, mtu aendaye kuwatazama watoto wa tembo waliofiwa na mama zao avae nini, na achukue nini mkononi? Watu wengi hawajiulizi neno hili mpaka wamekwisha kufika, na wakati huo wamechelewa. Sisi na tujiulize leo, kabla ya safari.

2. Kwanza yatupasa kuwajua wenyeji wetu. Kando ya mji wa Nairobi iko mbuga ya wanyama iliyowekwa mwaka 1946, ya kwanza katika nchi ya Kenya. Ndani yake mna mahali pa kulelea ndama wa tembo walio yatima. Shirika lifanyalo kazi hiyo lilianzishwa mwaka 1977 na Bibi Daphne Sheldrick, kwa kumkumbuka mumewe David, aliyekuwa mlinzi mkuu wa mbuga ya Tsavo Mashariki. Bibi huyo alifariki mwaka 2018, lakini kazi yake inaendelea.

3. Wako ndama ambao mama zao waliuawa kwa ajili ya pembe. Wengine walitumbukia visimani, na wengine waliachwa nyuma wakati wa ukame. Ndama aliye chini ya miaka 2 hawezi kuishi pasipo maziwa, na maziwa ya ng'ombe hayamfai, kwa maana mafuta yake humwumiza tumbo. Bibi Sheldrick alijaribu miaka mingi, na ndama wengi walikufa, hata akaona ya kuwa maziwa ya unga yaliyotiwa mafuta ya nazi huwafaa. Siku hizi walezi huwanyonyesha wadogo kwa chupa kila baada ya saa 3, mchana na usiku. Usiku mlezi hulala pamoja na ndama, naye humfunika blanketi, kwa kuwa hana ubavu wa mama wa kumtia joto. Basi, maisha ya ndama huyu ni kama taa iliyo penye upepo. Kila tuvaacho na kila tuchukuacho tukipime kwa neno hili moja: Je, kitamdhuru?

4. Sasa tuanze na mavazi. Vaa nguo imara, isiyokuwa mpya, inayofulika kwa urahisi. Ndama hupenda kugaagaa katika matope mekundu, nao huyarusha kwa mkonga pasipo kuchagua nani ni mgeni. Vaa viatu vinavyofunika vidole, kwa maana njia huwa na vumbi wakati wa jua na utelezi wakati wa mvua. Chukua sweta, kwani Nairobi ni mji wa juu, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti asubuhi huwa na baridi kali. Katika Machi, Aprili na Mei chukua koti la mvua. Kofia pana itakukinga na jua. Hata ndama wachanga walezi huwatilia miavuli, maana masikio yao huungua upesi. Manukato makali uyaache nyumbani, na vikuku vinavyolialia pia.

5. Mizigo iwe michache. Daftari na penseli vyakutosha, pamoja na leso ya kupangusa vumbi, na maji katika chupa ya chuma. Chakula kile kabla ya kuingia. Tena vitu vyote vikae katika kikapu au mfuko wa nguo, wala si wa plastiki. Serikali ya Kenya ilikataza mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017. Na tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za maji na vikombe vya plastiki vitumiwavyo mara moja vimekatazwa katika mbuga zote za taifa.

6. Mwanafunzi mmoja aliposikia hayo alisema, “Mwalimu, karatasi moja ya peremende ni kitu gani mbele ya mnyama mkubwa namna hii?”
Mwalimu akamjibu, “Mwanangu, nyumbani kwenu yuko mtoto atambaaye?”
“Yuko, Mwalimu. Ni mdogo wangu.”
“Akiokota kitu chini hukipeleka wapi?”
“Kinywani.”
“Ndama naye ni vivyo hivyo. Huokota kwa mkonga, akatia kinywani. Plastiki haisagiki tumboni. Yaweza kuziba njia ya chakula, naye akafa. Mlezi amekesha naye usiku mwingi, na mgeni wa saa moja aweza kuiharibu kazi hiyo yote.”
Kijana akanyamaza. Kisha akautoa mfuko wa plastiki uliokuwa katika kikapu chake, akauweka juu ya meza ya mwalimu.

7. Wageni wa kila siku hupewa saa moja tu, tangu saa 5 ya asubuhi hata saa 6 ya mchana, na sharti waandikishe nafasi zao mapema. Ukifika, simama nyuma ya kamba. Usipige kelele, wala usimwite ndama kwa mkono. Ndama hawa hawafugwi kuwa kama ng'ombe. Wakipata nguvu hupelekwa Tsavo au msitu wa Kibwezi, na baada ya miaka hurudi kukaa na tembo wa porini. Wako majike waliolelewa hivi ambao wamerudi kuwaonyesha walezi wao watoto waliowazaa porini.

8. Wazee wetu husema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Mwenyeji wetu huyu ni yatima, naye yu katika kupona kweli kweli. Basi tumwendee kama wageni wema.

Maswali
1. Kwa nini maziwa ya ng'ombe hayamfai ndama wa tembo?
2. Taja mavazi manne ya safari hii, na sababu ya kila moja.
3. Plastiki yawezaje kumwua ndama?
4. Eleza maana ya methali iliyo katika fungu la 8.