Mashine ya Boti Inapogoma Kuwaka

Mashine ya zamani ya mipigo miwili huhitaji mambo matatu ili iwake: mchanganyiko wa petroli na hewa, mgandamizo na cheche. Watahiniwa wengi hukimbilia kuandika "asafishe kabureta". Usianzie huko.

Kagua kwanza yasiyohitaji spana. Gia iwe huru, kamba ya swichi ya kuzimia iwe mahali pake, na tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi liwe wazi. Tundu likiziba, petroli haivutiki hata tangi likiwa limejaa. (Mvuvi anaweza kupoteza asubuhi nzima kwa hilo tu.)

Kisha vuta kamba ya kuwashia mara kadhaa, fungua plagi, uitazame. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki kwenye silinda: fuatilia mpira, chujio, ndipo kabureta. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika. Cheche ni hafifu au haipo, au petroli imezidi. Usijaribu cheche karibu na petroli iliyomwagika, mvuke wake hushika moto.

Swali: Boti inapelekwa na mkondo. Nahodha amevuta kamba mara kumi, na plagi imelowa petroli. Akague nini kwanza, na kwa nini? (Alama 4)